Uzi wa Kiwiko

Usiniulize bei kwanza. Shika.
Uweke shavuni, hapo chini ya jicho;
ngozi ya hapo haijui kupendelea.

Kapu langu lina nyuzi za kila namna,
ila zipo ninazozilaza chini kabisa
wateja wa Majengo wasizione.

Huu wa damu ya mzee, wa masweta ya shule:
mgumu, unawasha shingo,
unalia kwenye sindano kama mlango wa stoo.
Mwenye akili zake angeuchukia.
Lakini miaka kumi na minne nauchezea
na sijaona jua la Dodoma lililoushinda.
Mtoto hukua, viganja vikatoroka mikono ya sweta,
likaenda kwa mdogo wake, kisha kwa mdogo wa mdogo wake,
limechoka kila kitu isipokuwa rangi.

Jumamosi nachakura marobota ya Sabasaba.
Sitafuti nguo. Natafuta mshono wa ubavuni:
ukiwa umeunganishwa kitanzi kwa kitanzi,
mwili mzima utafumuka kwa mvuto mmoja;
ukiwa umekatwa na mashine,
humo ni vipande vitupu, mrudishie mwenye meza.
Sufu ya kweli naitambua kwa kiberiti.
Ncha ikinuka nywele, nalipa bila kubishana;
ikinuka ndoo ya plastiki, naaga.
Nikiufumua hutoka umejikunjakunja
kama nywele zilizolala kwenye mabutu wiki nzima,
unakumbuka kila tundu ulilopita.
Nauosha, nautundika na jiwe chini ili usahau.
Husahau nusu.
Hiyo nusu nyingine ndiyo naipenda.

Na ule wa zabibu. Cheka tu.
Shemeji alileta makapi kutoka Mpunguzi,
nikachemsha pamba nyeupe sufuria nzima,
nikingoja zambarau ya sare za harusi.
Ikatoka rangi ya wingu lisilonyesha,
wingu ambalo huku kwetu tunalijua kwa jina.
Siufumi. Siuzi. Unakaa.

Sindano zenyewe ni spoku za baiskeli ya baba;
dada yangu Perusi alizinoa kwenye sakafu ya saruji
mpaka mama akatutoa nje kwa kelele.

Juni ilipoingia na upepo wake wa kutafuta mifupa,
akaja Ndahani, mlinzi wa ghala la alizeti kule Kizota,
kiwiko nje.
Lilikuwa sweta langu la mwaka juzi,
kijani cha jani changa la mlonge,
alilolilipa elfu mbili, elfu mbili,
na mara moja kwa trei ya mayai.
"Tia kiraka," akasema, "rangi yoyote.
Usiku hauna macho."

Rangi yoyote!
Nikazunguka maduka ya Barabara ya Sita.
Kijani cha huyu ni cha chupa ya soda,
cha yule ni cha geti la ofisi ya kata.
Namba ya karatasi ni ileile, anasema muuzaji,
ananisogezea donge kama anayembembeleza mtoto uji.
Lakini pipa la rangi likishamwagwa limemwagwa,
na la kesho si ndugu yake.

Basi nikafungua sanduku,
nikatoa langu, pacha wa lile, la madonge yaleyale,
nililolivaa kanisani mara tatu.
Nikatafuta ncha kwenye pindo.
Nikavuta.
Trrr, mstari. Trrr, mstari.
Mkono ulisita kwenye wa tano,
halafu ukaendelea mpaka kumi na miwili.

Sasa langu ni fupi,
upepo unanipata kiunoni saa kumi alfajiri
ninapokinga maji ya zamu.

Ndahani alikikunja kiwiko, akakinyoosha,
akakigeuzia mwanga wa mlangoni.
"Mbona sioni ulipoanzia?
Uzi huu umeutoa wapi?"

Nikamwambia: mia tano.